Ukurasa wa Jumanne

Msichana alifika getini akiwa na kiatu kimoja mguuni. Kingine alikishika mkononi, kisigino kimeng'oka, na sweta lake lilikuwa limepasuka kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Julai, mwaka wa sabini na nane, saa kumi na mbili kasorobo ya jioni, na ukungu uliokuwa umeshuka kutoka mlimani tangu adhuhuri ulikuwa umelala juu ya mibuni, hata mtu hakuiona miguu yake mwenyewe. Mzee Dawud, askari wa geti, alimwona anatokea humo. Aliweka chini kikombe cha chai, akavua kabuti lake la kazi, akamvika bila kumuuliza neno.

"Keti hapa, binti. Sogea kwenye jiko. Usiseme mpaka upate pumzi."

Rukaya, bintiye Dawud, alikuwa anapiga deki katika bweni la wasichana, na kila jioni alipomaliza zamu alipitia getini ili wateremke pamoja hadi kwao Majengo, mjini Nyeri. Alipoingia kibandani siku hiyo alimkuta mwanafunzi yule anatetemeka ndani ya kabuti, na baba yake ameinama juu ya daftari lake dogo, kalamu inakimbia kutoka kulia kwenda kushoto.

"Jina lako, mwanangu?"

"Wawira."

"Kwenu?"

"Embu. Runyenjes."

"Sema sasa. Sema kama ilivyokuwa, mimi naandika. Usinifupishie."

Naye hakumfupishia. Alikuwa anatoka maktaba akipita njia ya mibuni, maana hakuna njia nyingine ya kwenda bwenini. Gari jeupe lilikuwa limesimama kando. Ndani alikuwemo Bwana Kingori, msimamizi wa mabweni, yule mwenye kugawa vyumba na kunyang'anya vyumba. Alimwita, akasema iko barua yake. Aliposogea akashikwa mkono. Alipokataa kuingia garini akaburutwa kati ya mistari ya kahawa, akapigwa kofi, akazibwa mdomo. Ndipo alipomng'ata kidole kwa nguvu zake zote, akaponyoka.

"Nimepiga nduru, mzee," alisema Wawira. "Nimepiga nduru mpaka sauti ikaisha. Hakuna mtu amekuja."

Angekuja nani? Taa za njia ile zilikuwa zimekufa tangu Pasaka, na tangu Pasaka Dawud alikuwa ametoa habari zake mara kumi na saba. Shamba hili lilikuwa la mzungu. Mzungu akaenda zake, tukaambiwa sasa ni letu, litakuwa kampasi ya watoto wetu. Wakabadilisha ubao wa getini. Geti lenyewe walilibakiza, na njia za giza kati ya kahawa, na ile desturi ya bwana kumwita msichana garini.

"Gari hilo nimeliona mimi," alisema Dawud, bado anaandika. "Limetoka saa kumi na moja na dakika arobaini. Taa halikuwasha, na kwenye kizuizi halikusimama, nusura linigonge. KQD 218. Nalo naliandika."

Kisha akalisukuma jiko karibu zaidi na miguu ya msichana, akamgeukia Rukaya.

"Haya mama, lete kitabu kikubwa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao ya kila jioni. Kampasi ilikuwa na kitabu cha matukio, chenye jalada jekundu na kurasa pana, na kila asubuhi Bwana Kaburu, mkuu wa ulinzi, alitia sahihi yake humo. Kanuni ilisema kwamba uhalifu wowote ulioandikwa humo lazima upelekwe kwa polisi. Kilichokosa kuandikwa humo hakikutokea. Lakini Mzee Dawud aliandika kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa madrasa pale Majengo, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri wa kupendeza. Herufi za kizungu zilimshinda. Basi kutwa nzima aliandika katika daftari lake, na jioni alimsomea bintiye, naye Rukaya, aliyefika darasa la saba, akayanakili kwa herufi ambazo wakubwa walizijua. Miaka sita sasa. Macho ya Rukaya yalizizoea herufi za baba yake hata akaweza kuzisoma peke yake, ila baba hakuacha kumsomea. Alipenda kusikia siku yake ikisomwa kwa sauti.

Nderitu, askari wa zamu ya usiku, aliingia akipangusa umande kwenye kofia. "Sheikh! Leo Mungu amesema nini?" Huo ulikuwa utani wake wa kila siku. Akamwona msichana. Akaivua kofia, akasimama nayo mkononi, asijue aiweke wapi.

Dawud alisoma. Rukaya aliandika. Neno kwa neno, gari na namba yake, kidole na meno, na nduru isiyokuwa na wa kuiitikia.

* * *

Asubuhi ya Jumatano Rukaya aliitwa ofisini kwa Kaburu akiwa bado na ndoo mkononi. Aliiacha mlangoni. Moyo ulimwambia anaitwa kushuhudia, akajifunga kanga vizuri na kuyapanga maneno yake.

"Keti, mama," alisema Kaburu. Alikuwa mtu wa Meru, mpole wa sauti, mwenye miwani aliyopenda kuifuta. "Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, bwana."

"Mimi pia nilikuwa nakunywa, na angalia vile nimefanya." Akamsogezea kitabu chekundu. Kurasa zilikuwa zimelowa, wino umeenea. "Imeharibika kabisa. Lakini niko na ingine mpya hapa. Nataka uandike yote tena, kuanzia Jumapili. Wewe uko na mkono mzuri, kila mtu anasema."

Rukaya aliigusa karatasi. Chai ilikuwa bado na joto.

Aliandika Jumapili. Aliandika Jumatatu. Kaburu alisimama dirishani akitazama wanafunzi wakienda darasani, na kalamu ilipofika Jumanne akasema, bila kugeuka, "Hapo ngoja. Hapo nitakuambia. Andika: hali shwari."

"Na yule msichana, bwana?"

"Msichana alianguka. Njia iko na matope. Wewe ukianguka na ndoo yako, huwa tunaandika?"

"Na gari?"

"Gari gani? Andika: magari yaliingia na kutoka kama kawaida."

Kalamu ilibaki juu ya karatasi. Kaburu alivuta kiti akaketi karibu naye, kama mjomba anayemsaidia mtoto hesabu.

"Rukaya, mimi sina ubaya na nyinyi. Baba yako anajua kusoma?"

"Anajua sana."

"Sisemi Kurani. Nasema kusoma. Barua imekuja kutoka Nairobi mwezi jana. Ati askari wote wa geti lazima wajue kusoma na kuandika. Mimi nimefumba jicho miaka sita. Kila siku naona mkono ya mtoto wa kike, mtu wa kupiga deki, kwa kitabu ya serikali. Hiyo peke yake ni kosa. Ya baba na ya mtoto. Mkikosa kazi siku moja, nyinyi wawili, na mama yenu na miguu yake ile, mtaenda wapi? Shamba mko nayo?"

Alijua hawana. Watu wa Majengo babu zao walikuja na misafara wakabeba mizigo ya wakubwa, wakakaa, wakazaa, wakazika. Siku ya kugawa mashamba wakaambiwa wao si wa hapa. Kaburu hakuhitaji kupaza sauti. Mtu anayejua mwenzake hana shamba hana haja ya kupaza sauti.

"Baba atajua," alisema Rukaya.

"Atajuaje?" Kaburu aliuliza, na aliuliza kwa upole wa kweli.

Akaandika. Mkono wake ule mzuri uliandika hali shwari, na haukutetemeka hata kidogo. Kaburu alitia sahihi, akapuliza wino ukauke, akamwambia asisahau ndoo.

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya hali ya hatari, enzi za mkoloni, tuliposimamishwa foleni mbele ya mchongezi aliyevikwa gunia kichwani. Akitikisa kichwa, jina lako linaandikwa, na wewe huonekani tena nyumbani. Gunia lile hatukulichoma. Lilikunjwa likawekwa kabatini. Siku hizi mtu hutikisa kichwa akiwa amevaa miwani, na jina linafutwa.

* * *

"Ijumaa!" alisema Dawud akivua viatu mlangoni. "Ijumaa wanakaa kamati. Yule mtoto amemwandikia Mkuu wa kampasi barua, amekataa kunyamaza. Zabibu, sikia, mtoto mdogo vile, lakini ana roho ya simba jike."

Ilikuwa Alhamisi baada ya magharibi. Zabibu, mkewe, alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu iliyovimba ameinyoosha mbele ya moto. Rukaya alikuwa anaosha sahani alizokwisha kuziosha.

"Na wewe wanakutakia nini huko?" aliuliza Zabibu.

"Mimi ndiye shahidi! Gari nimeliona. Na kitabu kitaletwa mezani, wasome wenyewe. Kingori atakana, Kaburu atazungukazunguka na miwani yake, lakini kitabu?" Alicheka. "Kitabu hakiogopi mtu. Mwanangu amekiandika."

Rukaya alisimama, akatoka nje, akarudi. Akachukua ufagio akafagia uani gizani. Mama yake alimtazama akiingia na kutoka mara tatu, ya nne akamfuata jikoni, akichechemea.

"Una nini? Tangu jana huketi. Una mimba?"

"Afadhali ningekuwa nayo."

Akamwambia. Zabibu alijipiga paja, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga ili sauti isifike sebuleni, ambako Dawud alikuwa ameanza kupiga pasi sare yake kwa pasi ya makaa.

"Yaani umemfunga baba yako kitambaa machoni, halafu unamwacha avuke barabara?"

"Walisema watatufukuza sote, mama. Ningefanya nini?"

"Ungemwambia usiku ule ule!"

"Nimwambie sasa?"

Zabibu aliishusha kanga mdomoni. Aliitazama miguu yake. Aliutazama ukuta wa udongo wa nyumba ya kupanga, na mlango ambao mwenye nyumba aliupiga teke kila kodi ilipochelewa.

"Sasa uko kwenye maji," alisema mwisho. "Ulikwisha kuyavulia nguo. Nyamaza. Kamati ni yao, watasoma, watafunga kitabu, baba yako atanuna wiki moja, kisha yatapita. Funika kombe, Rukaya."

"Na yule msichana?"

"Yule anasoma chuo kikuu. Atakuwa mtu mkubwa kesho. Sisi kesho tutakuwa nani?"

Sebuleni pasi ilikuwa inagongagonga meza. Dawud alikuwa anaimba kwa puani, kaswida ya zamani. Rukaya aliurudia ufagio.

* * *

Kamati ilikaa Ijumaa saa saba, saa ya sala. Dawud aliomba kwa adabu isogezwe nusu saa. Karani alimjibu kwamba mwenyekiti ana safari, Mungu atangoja. Basi akaingia kwenye chumba cha mikutano na sare yake iliyonyooka, akasimama, kwa sababu viti vilikuwa vya wanakamati. Rukaya aliambiwa angoje karibu na mlango, asikanyage zulia kwa viatu vya kazi. Wawira alikuwa amepewa kiti kimoja katikati ya chumba, peke yake, kama mshtakiwa.

Mwenyekiti alikuwa Daktari Mutahi, naibu wa Mkuu wa kampasi. Kulia kwake alikuwa Kaburu na kitabu. Kushoto alikuwa Kingori mwenyewe, maana alikuwa mwanakamati na hakuna aliyeona haja ya kumwondoa. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa bandeji nyeupe.

"Umeumia, Bwana Kingori?" aliuliza Daktari.

"Kopo la nyama tu, Daktari. Kifuniko kiliniponyoka."

Wanakamati walitikisa vichwa kwa huruma.

Wawira aliulizwa kwa nini alipita njia ya mibuni. Aliulizwa alikuwa amevaa nini. Aliulizwa kama si kweli kwamba aliwahi kumwomba Bwana Kingori abadilishiwe chumba, na kama hakukasirika alipokataliwa. Alijibu yote, sauti kavu, macho kwenye bandeji.

"Mimi nilipiga ripoti siku ile ile," alisema. "Kwa geti. Iko kwa kitabu. Someni."

"Vizuri," alisema Daktari. "Bwana Kaburu, tusomee Jumanne."

Dawud alijinyoosha. Alimtazama Rukaya kule mlangoni, akamkonyeza, kama walivyozoea kukonyezana mtu alipokuwa karibu kuaibika.

Kaburu aliweka miwani. "Jumanne. Hali shwari. Magari yaliingia na kutoka kama kawaida. Sahihi, mimi mwenyewe."

Dawud alicheka. Kicheko cha kweli, cha mtu aliyeona mwenzake amejikwaa. "Umekosea ukurasa, bwana. Hiyo si Jumanne yangu. Fungua inayofuata."

"Inayofuata ni Jumatano, mzee."

"Basi ya nyuma yake."

"Ya nyuma ni Jumatatu."

"Haiwezekani. Nimeisoma mwenyewe ikiandikwa!"

"Uliisoma?" Kaburu alisimama, akaizunguka meza, akamkabidhi kitabu kikiwa wazi. "Basi tusomee, mzee. Sisi pengine macho yetu ni mabaya."

Mzee Dawud alikipokea kwa mikono miwili. Alikitazama. Alikisogeza mbali na uso, akakirudisha karibu, na kidole chake kikapita juu ya mistari polepole, kutoka kulia kwenda kushoto. Mwanakamati mmoja alikohoa ili asicheke. Mwingine hakukohoa. Huyu ndiye mtu aliyehifadhi juzuu thelathini kabla hao hawajajua kushika kijiko, na pale, mbele ya karatasi moja, walimfanya kipofu.

"Rukaya," aliita. Hakugeuka. "Njoo uwasomee hawa. Huu ni mkono wako, utaujua."

Rukaya alilikanyaga zulia kwa viatu vyake. Alikuwa ameyapanga mengine kichwani, aseme hakumbuki, aseme labda, afunike kombe. Kisha aliona kola ya baba yake, mstari wa pasi ya makaa, umenyooka kabisa, na doa dogo la jivu alilojaribu kulifuta.

"Imeandikwa hali shwari, baba," alisema. "Niliandika mimi. Jumatano asubuhi, ofisini kwa Bwana Kaburu. Kitabu cha kwanza kilimwagiwa chai."

Dawud alimgeukia. Alimtazama kama mtu anayesoma herufi za kizungu.

Rukaya alichukua daftari dogo kutoka mfuko wa kifuani wa sare ya baba yake. Hakumwomba ruhusa. Akalifungua akaanza kusoma, kwa sauti ile aliyokuwa akiisikia kila jioni miaka sita. Kiatu kimoja. Gari jeupe, KQD 218, saa kumi na moja na dakika arobaini, taa haikuwashwa. Barua ya uongo. Kofi. Kidole cha mkono wa kulia, aliking'ata mpaka akasikia mfupa.

Kingori alishusha mkono chini ya meza.

"Inatosha," alisema Daktari Mutahi. "Binti, nisaidie. Mkono ulioandika hali shwari ni wa nani?"

"Wangu."

"Na ulimi unaosoma hizi alama za kuku ni wa nani?"

"Wangu, bwana."

"Basi umekiri mwenyewe kwamba wewe ni mwongo. Ama uliidanganya kampasi Jumatano, ama unaidanganya kamati leo. Mimi nikuamini siku gani?"

"Muulize kidole," alisema Wawira.

"Wewe hujaulizwa!"

"Si mimi, ni kidole. Kifunguliwe hapa mezani tuone kama kopo huwa na meno juu na chini."

 Daktari alipanga karatasi zake, ingawa zilikuwa zimepangika. Akatoa hukumu kwa lugha ya ofisi, ile lugha ambayo hakuna anayetenda jambo ila mambo hutendeka. Ilionekana kwamba ushahidi haukupatikana. Ilionekana pia kwamba mlinzi wa geti hakutimiza sifa za kazi, kwa kuwa mbele ya kamati ameshindwa kusoma, na zamu ya leo ingekuwa ya mwisho. Mfanyakazi wa bwenini aliandika katika kitabu cha serikali bila idhini. Naye vilevile.

Kwa hiyo aliyefukuzwa kwa kutojua kusoma ndiye peke yake aliyeandika kweli, na mimi sioni kwa nini tuite jambo hilo kwa jina lingine zaidi ya wizi.

"Naenda polisi," alisema Wawira, akisimama.

"Polisi hawaingii kampasi bila barua ya Mkuu," alisema Kaburu. "Hiyo unajua."

Ndipo Mzee Dawud alipozungumza. Alikuwa bado amekishika kitabu kikubwa. Alikiweka mezani taratibu, kimefungwa.

"Hataingia nao, bwana. Yeye anatoka. Na geti ni langu mpaka saa kumi na mbili."

* * *

Walitoka watatu. Dawud aliinua kizuizi kwa mkono wake, akakifunga, akatundika ufunguo kwenye msumari wa kibandani. Kabuti alilivua akaliacha juu ya kiti, kwa kuwa lilikuwa la kampasi. Baridi ikamwingia mara moja.

Njia ya kwenda mjini huteremka, na mtu akiteremka miguu hukimbia yenyewe. Dawud alitembea mbele pamoja na Wawira. Alimuuliza habari za Runyenjes, wanapanda nini, mvua imekuwaje. Rukaya alikuwa hatua tano nyuma. Mara mbili aliharakisha akawafikia, mara mbili baba yake naye akaharakisha.

"Baba."

"Tazama njia."

"Baba, walisema..."

"Najua walichosema. Nami waliniambia kitu leo, hukusikia?" Hakupunguza mwendo. "Ungekuja kwangu. Tungefukuzwa Jumatano badala ya Ijumaa. Siku mbili, Rukaya. Umeniuza kwa siku mbili."

Rukaya alibaki nyuma tena. Alishika kanga yake na kuendelea kutembea.

Kituo cha polisi kilikuwa kimejaa. Mama mmoja alikuwa analalamikia mbuzi, wanaume wawili waligombania mpaka wa shamba. Konstebo wa kaunta, Ndwiga kwa jina, aliwasikiliza kwa kiwiko mezani, akaitazama sare ya Dawud, akamtazama msichana, akaliona daftari.

"Hii ni nini, mzee? Dawa?"

"Ni Kiswahili."

"Kiswahili gani hii?"

"Kile kile unachokisema. Chukua kalamu, kijana, nami nitakusomea."

Konstebo alisita. Aliposikia jina la Kingori alitazama mlango wa mkubwa wake, uliokuwa umefungwa. Wawira akamwambia kitu kwa Kiembu, maana jina lile lilikuwa la kwao, kifupi, maneno matatu au manne. Ndwiga alijikuna shingo. Kisha akavuta kitabu cha kituo, akafungua ukurasa, akaandika tarehe.

Dawud alisoma akiwa amesimama wima. Hakuruka kitu. Konstebo alipotaka kufupisha alimngoja, akarudia. Watu wa mbuzi na watu wa mpaka wakanyamaza wakasikiliza. Ilipokwisha, Ndwiga aliandika namba ya ripoti kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma mbele.

"Tayari, mzee. Tutaita watu."

Dawud hakukigusa.

"Nisomee ulichoandika."

"Nimeandika yote."

"Sikatai. Nisomee."

Konstebo alivuta pumzi akasoma. Dawud alifuata katika daftari lake kwa kidole. "Hapo umeacha taa. Taa halikuwasha." Ndwiga akaongeza taa. Akasoma tena mpaka mwisho.

"Sasa umeridhika?"

"Bado. Asome mwingine."

Konstebo aliangua kicheko cha mtu aliyechoka, akakigeuza kitabu juu ya kaunta kiwaelekee wao. Rukaya alikuwa karibu zaidi. Alikuwa ameshakaribia, kama jioni zote za miaka sita, na mkono wake ulikuwa umefika kwenye ukingo wa ukurasa.

Baba yake aliushika ule mkono. Hakuubana. Aliuinua tu kutoka kwenye karatasi, akauweka kando.

"Wewe ngoja kwanza," alisema. "Binti Wawira, soma. Soma kwa sauti."

Wawira alianza kusoma. Rukaya alisogea pembeni kuwapisha, akasimama karibu na mama wa mbuzi, mikono mitupu, akisikiliza kila neno kama linapatana na lile analolijua.